Baraza la Opera Lamu: Mwongozo Kamili wa Kuwakutanisha Wapenzi wa Muziki wa Klasiki

Mpenzi wa opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, hapa Lamu kwa kawaida husikiliza peke yake, usiku, simu mkononi na visikizi masikioni. Nami nilikuwa hivyo kwa miaka mingi, nikiamini kwamba mji mzima hauna mwenzangu. Siku nilipojipa moyo nikaalika watu watano, niliwawekea opera nzima tangu mwanzo bila kuwaeleza chochote. Nusu saa haikutimia, wanne wakaaga kwa adabu. Wa tano alikuwa mzee aliyewahi kupiga fidla katika kikundi cha taarab. Alimaliza kahawa yake, akaniambia: "Mwanangu, hukutwambia huyu mama analilia nini."

Maneno ya mzee yule ndiyo msingi wa mwongozo huu wote. Masikio ya watu wa Lamu hayana upungufu. Mji uliolea watunzi wa tenzi na uliomzaa mpigaji udi Zein l'Abdin hauhitaji kufundishwa namna ya kusikiliza. Kinachohitajika ni kusimuliwa.

Kwanza, tafuta watu wanaofaa

Usianze na waliosoma Ulaya wala wenye vyombo vya bei kubwa. Anza na wanaosikiliza kwa makini kitu chochote kile: mpenzi wa taarab ya zamani anayejua mstari wa tatu wa kila wimbo, malenga anayekatiza mazungumzo kwa sababu mizani imepungua, fundi wa jahazi anayefanya kazi redio ikiwa pembeni. Watu wanne hadi saba wanatosha. Wakizidi kumi, wawili watakuwa na mazungumzo yao na usiku utaharibika.

Usiandike tangazo. Mwendee kila mmoja baada ya Alasiri, mahali anapokaa, umwambie kwa kinywa chako: "Nina hadithi ya mwanamke aliyemngoja baharia miaka mitatu. Njoo uisikie." Akija kwa ajili ya hadithi, wimbo utamkuta palepale.

Yapo mambo mawili ya adabu ambayo ukiyakosea mwanzoni hutayarekebisha kwa urahisi. Wapo jamaa na majirani wasiosikiliza ala za muziki kwa sababu ya dini. Usiwabembeleze, usijadiliane nao, na usikubali sauti ya spika yako iwafuate majumbani mwao. Pia usiufananishe kamwe wimbo wa opera na tilawa au kasida za maulidi ili kumvutia mtu. Unaweza kudhani unausifu muziki, lakini mwenzako atasikia unavunja heshima. Opera ina sifa zake, itajisimamia.

Wanawake wakitaka baraza lao wenyewe, na kwa uzoefu wangu watataka, basi liwe nyumbani kwa mmoja wao na liongozwe na mwanamke. Nyimbo zilezile, hadithi zilezile. Dada yangu aliongoza la kwao, na habari zilizonifikia ni kwamba mjadala wao uliupita wetu kwa mbali.

Mahali na saa

Anzeni saa mbili unusu usiku, watu wakiwa wameshasali Isha na kula. Maliza saa nne unusu. Epuka usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi wa Ramadhani, na siku za maulidi katika Mfungo Sita. Ikiwa kuna matanga mtaani, ahirisha bila kungoja kuambiwa.

Watu wengi watakushauri mkae darini, kwenye upepo. Wakati wa kaskazi iliyotulia, sawa. Lakini kusi likivuma, Juni hadi Agosti, upepo huzichukua sauti zote laini, nanyi mtabaki mkisikia vilele tu, kama mtu anayesoma barua iliyolowa. Miezi hiyo ingieni ndani.

Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, zina tabia yake. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko. Kuta ni nene, zimepakwa chokaa, na chokaa laini hurudisha sauti. Ukiweka spika katikati ya ukuta mrefu, sauti itagonga ukuta wa pili hatua chache tu mbele na kurudi, na maneno yote yataingiliana. Iweke upande mfupi wa msana, yaani ukumbi mrefu wa nyumba, ielekee urefu wa chumba. Iinue juu ya kigoda au kiti, iwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Isikae pembeni kabisa, kwa maana pembe hukuza besi ikavuma kama pipa. Wala usiitie ndani ya kidaka hata kama inaonekana kupendeza. Acha zidaka ziwe upande wa wasikilizaji, maana mashimo yake huivunjavunja sauti na kupunguza mwangwi. Tandika busati na mikeka sakafuni, tundika pazia zito nyuma ya watu. Piga kofi moja kabla na moja baada ya kutandika, utasikia tofauti mwenyewe.

Vyombo

Simu, spika moja nzuri na kebo vinatosha. Spika mbili zikipatikana, ziachanishe kiasi cha mita mbili. Pakua muziki mchana, kabla ya siku yenyewe. Usitegemee mtandao usiku, wala usitegemee umeme: chaji spika hadi ijae. Zima matangazo na milio ya simu. Hakuna kinachoudhi kama ujumbe kulia wakati soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, anakata roho.

Lipo jambo moja la kiufundi ambalo wengi hawalijui. Taarab iliyorekodiwa huwa na sauti ya kiwango kimoja takriban tangu mwanzo hadi mwisho. Okestra haiko hivyo: inaweza kunong'ona dakika tatu kisha ikapasuka kama radi. Mwenyeji asiyejua huongeza sauti wakati wa mnong'ono, na radi ikija majirani wote huamka. Kwa hiyo kabla wageni hawajafika, tafuta sehemu yenye kishindo kikubwa kuliko zote, pimia hapo, kisha usiguse tena kitufe. Wakati wa mnong'ono watu watainama mbele wenyewe.

Usiku wa kwanza

Weka vipande vinne tu, na kila kimoja ukipige mara mbili. Piga, zungumzeni, piga tena. Mara ya pili ndipo mtu husikia.

Anza na Vivaldi, majira ya kuchipua katika "Misimu Minne" yake iliyochapishwa 1725. Konseto hizo, yaani tungo za fidla na okestra, zilichapwa pamoja na mashairi, kila msimu na shairi lake, kwa hiyo soma maana yake kwa Kiswahili kwanza. Katika sehemu ya pili, ya polepole, mchunga mbuzi amelala malishoni. Fidla ya peke yake ndiye mchungaji, fidla nyingine ni majani yanayotikisika, na viola, fidla kubwa kidogo, inabweka: ni mbwa wake, sauti mbili nzito zinazorudi na kurudi. Ni dakika chache tu. Mwambie kila mtu amtafute mbwa. Nimeona watu wazima wakiinua kidole kwa furaha walipompata.

Cha pili kiwe sehemu ya kwanza ya Scheherazade, tungo ya okestra ya Rimsky-Korsakov, ya 1888. Huyu alikuwa afisa wa jeshi la majini la Urusi kabla ya kuwa mwalimu wa muziki, na bahari aliijua. Hadithi ni ya Alfu Lela U Lela, na sehemu hii ni bahari na jahazi la Sindbad. Sauti nzito ya mwanzo ni mfalme, fidla nyembamba inayofuata ni mwanamke anayesimulia ili asiuawe, kisha mawimbi yanaanza. Hapa huhitaji kueleza mengi. Mtu aliyewahi kukaa kwenye jahazi kati ya Lamu na Kizingitini ataijua ile panda-shuka mwilini mwake kabla ya akilini.

Cha tatu ni "Nessun dorma", wimbo wa tenori, sauti ya juu ya kiume, kutoka opera ya Turandot. Wazee wa mpira wataupokea haraka ukiwakumbusha Kombe la Dunia la Italia, 1990, mwaka ambao Kamerun iliifunga Argentina katika mechi ya ufunguzi na kufika robo fainali. Usiku wa kuamkia fainali, tarehe 7 Julai, Pavarotti, Domingo na Carreras waliimba pamoja mjini Roma, na wimbo huu ukaenea dunia nzima. Lakini eleza hadithi pia: binti mfalme ameamuru mji mzima usilale mpaka jina la mgeni lijulikane, naye mgeni anangoja alfajiri. Puccini alifariki 1924 kabla ya kuimaliza opera hii, ikaonyeshwa mara ya kwanza 1926.

Cha nne, na hapa ndipo nilipotaka kukufikisha, ni Butterfly.

Simulia kabla ya kusikiliza

Madama Butterfly ndiyo opera ya Lamu. Nasema hivyo kwa moyo wote, ingawa imetungwa na Mwitalia, Puccini yuleyule, kuhusu Japani. Mji wetu uliishi kwa karne nyingi kwa kuja na kuondoka kwa vyombo: mabaharia walifika na kaskazi, wakarudi na kusi, na waliobaki pwani walihesabu miezi. Mji kama huu haufafanuliwi kungoja ni nini.

Simulia hivi, polepole, bila kusoma karatasi. Katika bandari ya Nagasaki, afisa wa jeshi la majini la Marekani aitwaye Pinkerton anakodi nyumba kwa miaka 999, kwa mkataba ambao yeye anaweza kuuvunja mwezi wowote. Kwa masharti hayohayo anamwoa Cio-Cio-San, ndiye Butterfly, binti wa miaka 15. Kwake yeye ni mchezo. Kwa binti ni maisha: ameacha dini ya wazee wake kwa ajili ya mume, na siku hiyohiyo ya harusi ndugu zake wanamkana. Pinkerton anaondoka na meli. Miaka mitatu inapita. Fedha zinakwisha, mtumishi wa binti, Suzuki, amekata tamaa, lakini binti anasimama akimweleza namna siku moja nzuri moshi utakavyoonekana mwisho wa upeo wa bahari, kisha meli itaingia, kisha mtu mmoja, mdogo kama nukta, atapanda kilima.

Simama hapo. Usiseme meli ilikuja au haikuja. Piga "Un bel dì vedremo", dakika nne na ushei.

Mwambie msikilizaji azingatie jambo moja: wimbo unaanza juu, taratibu, kama kitu kilichoonekana kwa mbali, halafu sauti inashuka karibu na mazungumzo ya kawaida, mwanamke akiigiza mbele ya macho yake siku ambayo haijafika. Mwisho inapaa kwa nguvu zote, kwa sababu anamthibitishia Suzuki jambo ambalo yeye mwenyewe anaanza kuliogopa.

Kuna atakayesema, "Mbona anapiga kelele?" Usikasirike, ni swali zuri. Jibu ni kwamba opera ilizaliwa kabla ya kipaza sauti. Mwimbaji mmoja lazima asikike juu ya okestra ya watu sitini na zaidi, katika ukumbi mkubwa, kwa koo lake tu. Hafanyi hivyo kwa kupayuka. Hujifunza kwa miaka kuikusanya sauti katika masafa ya karibu na herzi 3,000, ambako sikio la binadamu ni kali na okestra ina nguvu ndogo. Ni kama baharia aliye tezi anayemwita mwenzake wa omo wakati wa upepo: hashindani na upepo, anatafuta sauti inayoupita.

Mpe malenga kazi yake

Malenga akiwepo, na Lamu hakosekani, usimwache akae kama mgeni. Ushairi wa Kiitaliano huhesabiwa kwa silabi kama wetu unavyohesabiwa kwa mizani. Chukua "Casta diva" kutoka Norma, opera ya Bellini ya 1831. Mstari wake wa kwanza ni "Casta diva, che inargenti". Usome kwa sauti, ukiunganisha irabu mbili zinazokutana: ca-sta-di-va-chei-nar-gen-ti. Nane. Ni mizani ya kipande cha utenzi. Malenga wetu aliposikia hesabu hiyo alinyamaza, akaomba nirudie, akahesabu kwa vidole vyake mwenyewe.

Sema wazi kwamba anayeimba ni kuhani wa kike wa Gaul, Ufaransa ya kale, anayeuomba mwezi, ibada ya kishirikina ndani ya hadithi, ili asije mtu akahisi amefichwa jambo. Kisha tafsirini pamoja. Jaribio letu lilianza hivi: "Mwezi uso wa upole, ondoa wingu tuone." Si tafsiri ya neno kwa neno, ila inaingia katika mizani na inaimbika. Kazi hiyo moja ilitupa mikutano mitatu, na waliotafsiri ndio hadi leo hawakosi kuja.

Mfunze mwenzako kusikia sauti nyingi kwa pamoja

Kikwazo kikubwa kwa sikio la taarab ni hiki. Katika taarab udi, fidla, ganuni na mwimbaji hufuata wimbo mmoja, kila mmoja akiupamba kwa njia yake ndani ya maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Katika muziki wa klasiki wa Ulaya sauti kadhaa huenda njia tofauti kwa wakati mmoja, na msikilizaji mgeni huona vurugu. Na kinyume chake, wao hawana zile robo za sauti ambazo udi wetu unazo, kwa hiyo mwanzoni mtu anaweza kuhisi chakula kimepungua chumvi.

Dawa ni wimbo wa watu wanne katika Rigoletto, opera ya Verdi ya 1851, "Bella figlia dell'amore". Ndani ya nyumba mwanamume anambembeleza msichana, naye anamcheka. Nje, binti aliyedanganywa na mwanamume huyohuyo anasikia yote, na baba yake anaapa kulipa kisasi. Wote wanaimba pamoja. Mgawie kila mgeni mtu mmoja wa kumfuata, kisha mbadilishane. Kwa mara ya nne watakuwa wanasikia wote.

Hapa pia pana njia nzuri ya kuwaonyesha kwamba mambo haya hayakuwa mbali nasi. Rigoletto hiyohiyo ndiyo iliyofungua jumba la opera la Kairo mwaka 1869. Aida, ambayo Verdi aliitunga kwa ajili ya Kairo, ilikusudiwa kuonyeshwa mapema lakini mavazi na mandhari vilikwama Paris iliyokuwa imezingirwa na majeshi ya Prussia, ikaonyeshwa tarehe 24 Desemba 1871. Na ni katika utawala wa Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, ndipo inaposimuliwa kwamba Muhammad Ibrahim alitumwa Misri kujifunza ganuni, na taarab ikapata mzizi. Mji mmoja, Kairo, kizazi kimoja. Ukipiga maandamano ya ushindi ya Aida, yenye tarumbeta ndefu ambazo Verdi aliziagiza zitengenezwe makusudi, mtu atakutajia siwa, ile pembe yetu ya sherehe, kabla hujaitaja.

Mazungumzo

Usimwambie mtu kwamba hajaelewa. Uliza alichokiona, si alichokipenda. Mzee asipopenda, muulize ni wapi hasa wimbo ulimchosha, kwa kawaida atataja mahali penyewe, na utajifunza kitu. Usitaje majina kumi ya waimbaji kwa mpigo. Baadaye, watu wakizoea, wasikilizishe wimbo mmoja kwa sauti mbili, kwa mfano masoprano Maria Callas na Leontyne Price, muwaache wabishane. Vijana watapenda kusikia kwamba Pretty Yende wa Afrika Kusini aliijua opera kwanza kupitia tangazo la shirika la ndege kwenye televisheni, na leo anaimba katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani.

Opera nzima, kwa usiku tatu

Baada ya mikutano mitano au sita, baraza liko tayari. Chukueni Butterfly, sehemu moja kila wiki: ya kwanza na ya pili hazifiki saa moja kila moja, ya tatu ni kama nusu saa. Video yenye maandishi ya tafsiri ni bora. Tovuti ya OperaVision huonyesha opera nyingi bure mtandaoni. Simulia kila sehemu kabla, kwa Kiswahili, kisha kaa kimya. Usinong'one tafsiri katikati, utawanyima okestra.

Ilipoonyeshwa mara ya kwanza pale La Scala, Milano, tarehe 17 Februari 1904, watu walizomea, Puccini akaiondoa baada ya usiku huo mmoja. Aliirekebisha, na Mei mwaka huohuo mjini Brescia ikapokelewa kwa shangwe. Hadithi hii isimulie usiku wa pili, kabla ya ile kwaya ya midomo iliyofumbwa, pale mama, mtoto na mtumishi wanapokesha wakiitazama bandari, meli ikiwa imeshaingia. Hakuna neno hata moja katika kwaya hiyo. Zima feni ikiwa inapiga kelele.

Usiku wa tatu ni mzito. Pinkerton anarudi na mke wa Kimarekani, anataka mtoto, na Cio-Cio-San anajiua. Waambie wageni mapema, kwa faragha, hasa ukijua mmoja wao amepitia msiba wa namna hiyo. Kwetu mjadala ulikwenda kwenye umri wa binti, ndoa isiyo na nia, haki ya mtoto, na kama Suzuki alikosea kunyamaza. Hatukumaliza.

Sauti ya mwisho ikikatika, usiweke wimbo mwingine. Zima spika, acha taa ilivyo, mimina kahawa tungu, peleka tende upande wa mkubwa wa baraza, nawe usiwe wa kwanza kusema.